SOKO LA MAGARI: Benzi ya Afrika Kusini si duni kwa ya Ujerumani

MFANYABIASHARA anayeagiza Mercedes-Benz C-Class au BMW 3 Series zilizotumika kutoka Japani hukutana na swali moja linaloweza kumla faida yote: "Hii ni ya Ujerumani hasa, au ni ile ya Afrika Kusini?" Jibu likiwa Afrika Kusini, mnunuzi hukunja uso na kuanza kushusha bei.

Kwa mwenye mtaji mdogo hilo si jambo la mzaha. Gari linapotoka bandarini Dar es Salaam au Mombasa, fedha ya kulinunua, ya meli na ya ushuru imekwisha kutoka mfukoni. Akipunguziwa bei kwa sababu isiyo na msingi, hasara ni yake. Na mnunuzi akiongeza fedha kwa ajili ya neno "Ujerumani" peke yake, naye ameliwa.

Kwanza tuone gari lenyewe limetoka wapi. Japani, Uingereza na Australia huendesha kushoto kama sisi, na kwa miaka mingi sehemu ya magari ya usukani wa kulia yanayouzwa huko imetoka Afrika Kusini. Mercedes-Benz ina kiwanda katika mji wa East London, na BMW ina chake Rosslyn, karibu na Pretoria. Kile cha Rosslyn kilianzishwa mwaka 1973, kikiwa cha kwanza cha BMW nje ya Ujerumani. Kilitengeneza 3 Series kwa miaka ipatayo 35, zaidi ya magari milioni 1, hadi mwaka 2018 kilipohamia X3.

Hivyo gari la Kijerumani lililotumika Japani na kuuzwa hapa linaweza kuwa lilizaliwa katika bara hili hili.

Jinsi ya kulitambua

Namba ya chesisi ina herufi na tarakimu 17. Wengi husoma herufi ya kwanza tu, wakaona W, wakaridhika kwamba ni Ujerumani. Hapo ndipo wanapokosea. Herufi za mwanzo humtaja mwenye jina la gari. Mahali lilipoundwa huonyeshwa na nafasi ya 11. Kwa C-Class iliyotoka kati ya mwaka 2000 na 2007, ukikuta A katika nafasi hiyo ni Sindelfingen, F ni Bremen, zote Ujerumani, na R ni East London. Kwa BMW 3 Series ya kipindi hicho, N ni Rosslyn. Dalali anayekuapia kuwa gari ni la Ujerumani, mwambie mhesabu pamoja mpaka ya 11.

Kilichobadili viwanda

Zamani wasiwasi wa wanunuzi ulikuwa na sababu. Viwanda vya Afrika Kusini vililindwa na ushuru mkubwa, vikaunganisha aina kadhaa za magari, kila aina kwa idadi ndogo, kwa ajili ya soko la ndani. Fundi anayefunga aina hii leo na nyingine kesho hapati mkono mwepesi, na kampuni haiwezi kununua mitambo ya gharama kwa magari machache.

Mwaka 1995 serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango mpya wa sekta ya magari. Ushuru ulianza kushushwa hatua kwa hatua, na kiwanda kinachouza nje kikapata nafuu ya ushuru kwa kile kinachoagiza. Ikawa faida kutengeneza aina moja kwa wingi na kuisafirisha. Rosslyn ikashika 3 Series, East London ikashika C-Class. Gari linalopelekwa Japani au Uingereza haliwezi kuwa na rangi yenye mawimbi au milango isiyokaa sawa, kwani wanunuzi wa huko hawana huruma.

Matokeo yalionekana. Mwaka 2015 kampuni ya utafiti ya J.D. Power ya Marekani iliipa Rosslyn tuzo yake ya juu ya ubora wa viwanda, yaani kiwanda ambacho magari yake yalikuwa na kasoro chache kuliko vyote katika uchunguzi wa mwaka huo. Viwanda vya Ujerumani navyo vilikuwamo.

Hata hivyo tuzo hiyo ipewe uzito unaostahili. Uchunguzi huo huwauliza wenye magari mapya kuhusu siku 90 za mwanzo. Unaonyesha kazi ya kiwandani ilifanyika vizuri. Hausemi gia boksi itakuwaje baada ya miaka 10 katika barabara zetu.

Ujerumani si kinga

Upande wa pili nao una hadithi zake. E-Class ya kati ya mwaka 1995 na 2002, iliyotoka Ujerumani, inajulikana kwa mafundi wa bodi kwa sababu ya kutu. Na mwaka 2005 Mercedes iliyaita magari yapatayo milioni 1.3 duniani kote ili kurekebisha matatizo ya umeme na breki. Kasoro ya namna hiyo hutoka katika mchoro au kwa muuza vipuri, nayo hulifuata gari katika kila kiwanda linakoundwa.

Zaidi ya hayo, wanunuzi wetu hawana msimamo. Mercedes G-Class, gari la wakubwa, imekuwa ikiundwa Graz, Austria, tangu mwaka 1979. BMW X5 ilianza Spartanburg, Marekani, mwaka 1999, na huko ndiko kwao hadi leo. Hatujasikia mtu akidai kupunguziwa bei ya G-Class kwa kuwa ni ya Austria. Inaelekea kinachoogopwa si ugeni wa kiwanda. Ni neno "Afrika".

Wafanyakazi wa East London walikwisha kulijibu neno hilo. Mwaka 1990, Nelson Mandela alipotoka gerezani, walimuundia Mercedes 500 SE nyekundu kwa mikono yao. Inasimuliwa kiwandani hapo kwamba lilikamilika kwa siku 4 na kukutwa na kasoro 9 tu. Mikono ni ile ile. Kilichokuwa kikikosekana ni kazi nyingi ya aina moja na ukaguzi mkali.

Pa kuangalia kwa makini

Si kila gari la nje ya nchi ya asili liko sawa. Kiwanda kinachochomelea bodi, kupaka rangi na kufunga gari zima kwa wingi ni kitu kimoja. Karakana inayopokea vipande ndani ya makasha na kuviunganisha kwa idadi ndogo ili kukwepa ushuru ni kitu kingine. Huko ubora hutegemea zaidi usimamizi na uzoefu wa mafundi. Kiwanda kipya pia huchukua muda kukomaa: Mercedes M-Class za kwanza kutoka Alabama, Marekani, kuanzia mwaka 1997, zililalamikiwa kwa umaliziaji wa ndani, ingawa kampuni ni ile ile.

Tofauti nyingine ni vifaa. Gari la soko la Japani huweza kuja na redio, viti na taa tofauti na lililouzwa Uingereza. Hilo ni agizo la soko. Halihusiani na mkono wa fundi, lakini hubadili bei.

Ushauri kwa wiki hii

Kwa muuzaji: usiifiche R wala N. Itaje mwenyewe, kisha onyesha karatasi ya mnada wa Japani, kitabu cha sevisi na kilometa. Ukinyamaza, mteja akigundua mwenyewe atadhani umeficha na mengine.

Kwa mnunuzi: kama gari mbili ni za mwaka mmoja, kilometa zinakaribiana na historia ni safi, ile ya Afrika Kusini ikiwa na bei ya chini, ichukue hiyo. Punguzo ni la jina, gari ni lile lile. Lakini kumbuka kwamba utakapoiuza, mnunuzi wako anaweza kukutolea hoja hiyo hiyo. Usilipe zaidi ya ulivyookoa.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Katika soko hili, uliza kwanza vimeundwaje na vimetunzwaje, ndipo uulize wapi.