Dishi Moja, Vyumba Vitatu: Namna ya Kusambaza Mawimbi ya Televisheni Nyumbani

Ifikapo saa mbili usiku, baridi ya Mafinga ikiwa imeshatanda, familia nyingi hukutana sebuleni. Babu anataka taarifa ya habari, vijana wanataka mpira, na watoto wanalilia katuni. Ili kumaliza ubishi, kaya nyingi sasa zinanunua televisheni ya pili na kuiweka chumbani. Hapo ndipo swali linapozuka: je, dishi au antena iliyopo juu ya bati inaweza kuhudumia vyumba vyote?

Jibu ni ndiyo, ila njia ya antena si njia ya dishi. Wananchi wasiofahamu tofauti hiyo hununua kifaa kisichofaa, picha ikakatika, fundi akaitwa mara ya pili na ya tatu, na fedha ya ada ya shule au mbolea ikaishia kwenye nyaya. Makala hii inalenga kumsaidia mkazi kuamua kabla ya kutoa fedha.

Antena hupokea, dishi huamrishwa

Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini tarehe 31 Desemba 2012, kwa kuanzia Dar es Salaam, matangazo ya dijitali hutufikia kwa njia kuu mbili: minara ya ardhini, inayopokelewa kwa antena, na setilaiti, inayopokelewa kwa dishi.

Antena hupokea tu. Chaneli zote za mnara hushuka pamoja katika waya mmoja, na kila televisheni au kisimbuzi huchagua inayotakiwa. Kwa sababu hiyo, waya wa antena unaweza kugawanywa kwa kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita splita. Kumbuka kwamba splita haizalishi nguvu, bali hugawa iliyopo. Splita ya njia mbili hukipa kila chumba pungufu kidogo ya nusu ya nguvu, na ya njia nne pungufu ya robo. Iwapo mawimbi ni hafifu tangu mwanzo, ongeza busta na uifunge karibu na antena, kabla ya splita. Busta iliyofungwa mwishoni mwa waya hukuza pia kasoro zilizokwisha kuingia njiani.

Dishi ni jambo jingine. Mbele yake kipo kichwa kidogo kiitwacho LNB, na kisimbuzi hukipelekea amri kupitia waya uleule unaoleta picha. Umeme wa volti 13 hukiamuru kipokee mawimbi ya wima. Wa volti 18, mawimbi ya mlalo. LNB ya njia moja haiwezi kutii amri mbili kwa wakati mmoja. Ukiunganisha visimbuzi viwili kwa splita ya kawaida, sebuleni wakichagua chaneli ya mlalo, chumbani aliyekuwa akitazama ya wima atabaki na kioo cheusi. Dishi halina kosa, wala halihitaji kugeuzwa.

Njia tatu za kuchagua

Kwanza, jiulize kama vyumba vyote vitatazama chaneli moja kwa wakati mmoja. Ikiwa ndivyo, kisimbuzi kimoja kinatosha. Picha yake hugawanywa kwa splita ya HDMI na kupelekwa kwenye televisheni nyingine. Waya wa kawaida wa HDMI hufaa kwa umbali mfupi, takriban mita 10. Udhaifu wa njia hii ni kwamba mwenye rimoti ndiye mwenye uamuzi.

Pili, ikiwa kila chumba kinataka chaneli yake kutoka kwenye dishi, badilisha LNB ya njia moja uweke ya njia mbili au nne. Dishi hubaki lilelile, na kila kisimbuzi hupata waya wake kutoka kwenye LNB. Nyumba ya wageni au yenye vyumba vingi huhitaji kifaa kiitwacho maltiswichi. Kabla ya kununua kisimbuzi cha pili, uliza kampuni yako kama kitalipiwa kifurushi chake au kinaweza kuunganishwa na akaunti iliyopo.

Tatu, chumba kinachohitaji chaneli za bure pekee kinaweza kutumia antena, maadamu mawimbi ya mnara yanafika. Televisheni yenye maandishi DVB-T2 kwenye boksi lake ina kipokezi cha ndani na haihitaji kisimbuzi kwa chaneli hizo.

Waya, miti na mvua

Tumia waya wa aina ya RG6, na usitumie mrefu kuliko inavyohitajika. Kwenye kiungio, hakikisha nyuzi za nje hazigusi waya wa kati. Hata uzi mmoja ukigusa unaweza kuzima picha. Viungio vilivyo nje vifungwe vizuri, kwani maji yakiingia ndani ya waya huuharibu.

Mazingira yetu nayo yana lake. Kutoka Mafinga, dishi la setilaiti ya nyuzi 36 mashariki hutazama karibu na utosi. La nyuzi 7 mashariki hutazama upande wa magharibi, chini zaidi, na hivyo msindano au mkaratusi uliokua upande huo unaweza kulikinga. Ukungu wetu wa asubuhi haudhuru sana. Mvua kubwa ndiyo hukata picha kwa muda. Subiri ipite kabla ya kumwita fundi.

Usalama na sheria

Nguzo ya dishi iunganishwe na ardhi kwa waya wa shaba na fundi mwenye ujuzi. Dalili za radi zikianza kuonekana kwa mbali, chomoa waya wa umeme pamoja na waya wa dishi. Radi ikishafika, usiguse waya wowote. Usifunge waya wa televisheni kwenye nguzo za umeme wala kuupitisha jirani na nyaya zake, na usipande kwenye bati lililolowa.

Kusambaza mawimbi ndani ya nyumba yako ni haki yako. Kuvuta waya hadi kwa majirani na kuwatoza fedha ni biashara ya utangazaji, ambayo chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inahitaji leseni kutoka TCRA. Wenye nyumba za kupangisha walizingatie hili.

Kabla ya kumlipa fundi

Mweleze idadi ya vyumba na kama kila kimoja kinataka chaneli yake. Mwombe akuandikie vifaa na bei kabla ya kazi. Kazi ikikamilika, washa televisheni zote kwa pamoja na ubadilishe chaneli katika kila chumba. Chumba kimoja kikizima kingine, kazi bado haijaisha. Dai risiti na uitunze.

Kuuliza si ujinga. Maswali machache kabla ya fundi kupanda juu ya bati yataokoa fedha ya kaya, na kila mmoja atatazama akipendacho bila ugomvi.