Tumeelewa, Mwalimu!

Ndugu msikilizaji, wiki hii nakuomba tuvuke pamoja Mto Kilombero. Zamani kuvuka kwenyewe kulikuwa safari. Ulifika ukingoni kutoka Ifakara, ukasubiri kivuko, na mto ukiwa umefurika ulimwomba Mungu. Siku hizi lipo daraja la mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018, na basi linafika ng'ambo kabla abiria hajamaliza kusimulia habari za kivuko. Huko ng'ambo ndiyo Wilaya ya Ulanga, na baada ya mwendo si mrefu uko Lupiro, pale barabara inapogawanyika, moja ikipanda Mahenge na nyingine ikielekea Malinyi. Pande zote ni mpunga. Wewe uliyeko Dar es Salaam, mchele unaouchagua gengeni kwa kuunusa huenda ulitoka huko.

Nilikwenda kwa shughuli za kifamilia, ilikuwa mwezi Mei. Na kwa kuwa ualimu haumtoki mtu hata akistaafu, nilimwomba mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi aniruhusu nikae nyuma ya darasa la tano. Somo lilikuwa hisabati, mada ni sehemu. Mwalimu, mama mmoja mchangamfu, aliandika ubaoni mbili ya nane. "Kiasi tunagawa kwa mbili, asili tunagawa kwa mbili, tunapata nini?" Mikono minne ikainuka, yote ya madawati ya mbele. Mmoja akajibu, robo. Akapigiwa makofi. "Tumeelewa?" akauliza mwalimu. Darasa zima likaitikia kwa sauti moja, "Tumeelewa, mwalimu!"

Mvulana niliyeketi naye dawati la nyuma aliitikia kwa nguvu kuliko wote. Nikachungulia daftari lake. Lilikuwa na tarehe tu.

Wakati wa mapumziko nilimkuta chini ya mwembe, nikamwuliza habari za shambani. Akaniambia, "Mzee, mwaka huu tumevuna, ila lumbesa imetumaliza." Nikajifanya sijui lumbesa ni nini. Akanieleza kwa subira kama mtu anayemfundisha mgeni. Mnunuzi analipa bei ya gunia la debe sita, lakini analishonea kilemba juu mpaka linaingia debe nane. "Kwa hiyo katika kila debe nne, moja amechukua bure." Baba yake alikuwa ameuza magunia kumi na mawili. Kijana akatazama juu kidogo, akasema, "Debe ishirini na nne. Magunia manne mazima hayo, mzee."

Ndugu msikilizaji, debe mbili katika debe nane ni ile ile mbili ya nane iliyokuwa ubaoni. Mtoto aliyeshindwa kuiandika darasani alikuwa ameibeba kichwani tangu siku baba yake alipoibiwa.

Jambo hili si la Lupiro peke yake. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha habari za watoto waliofanya biashara ndogo ndogo mitaani na sokoni katika mji wa Recife, Brazil. Walipoulizwa hesabu za nazi na ndimu wakiwa kazini, walipata majibu 98 katika kila 100. Hesabu za aina hiyo hiyo zilipoandikwa karatasini kwa tarakimu tupu, watoto wale wale walipata 37. Watoto wenyewe walikuwa watano tu, kwa hiyo tusiwafanye kuwa ushahidi wa dunia nzima. Lakini mwalimu yeyote aliyepata kumtuma mwanafunzi "mzito" dukani akarudi na chenji kamili anajua wanachosema.

Sasa, kwa nini nazungumza juu ya wavulana? Kwa miaka mingi tumezungumza juu ya wasichana, na tulikuwa na haki. Ilitubidi tungoje mpaka Novemba 2021 ndipo serikali ikatangaza kwamba msichana aliyejifungua ataruhusiwa kurudi shule. Kazi hiyo haijaisha, na asije mtu akanisikia nikisema imekwisha. Lakini huku macho yetu yakiwa upande mmoja, upande wa pili kuna watu wanatoka kwa mlango wa nyuma. Katika mtihani wa darasa la saba wa mwaka 2022 walisajiliwa watahiniwa zaidi ya 1,380,000, na katika kila 100 wasichana walikuwa kama 52, wavulana 48. Mwaka mmoja si hoja kubwa. Hata hivyo nenda mnadani, nenda kwenye bodaboda, nenda machungani, utawaona wengine ambao hawakufika kwenye mtihani huo.

Katika bonde la Kilombero ugumu una majira yake. Mashamba ya mpunga yako mbali na nyumbani, kule bondeni, na familia nyingi huhamia huko msimu wa kilimo, wakaishi vibandani mpaka wavune. Mpunga ukianza kushika punje, ndege nao wanafika. Mtu akae duguni tangu alfajiri aamie ndege, na mtu huyo mara nyingi ni mtoto. Akirudi shuleni baada ya wiki tatu anakuta wenzake wameshavuka sura mbili za kitabu. Hakuna anayemwuliza alikuwa wapi ila kwa fimbo. Anakwenda nyuma, anakaa kimya, na anajifunza kitu kimoja tu, nacho ni kuitikia "Tumeelewa" kwa wakati wake.

Hapa lazima niseme langu. Nilipokuwa mwalimu kijana, katika shule ambayo sitaitaja, nilikuwa na mvulana aliyesinzia kila siku kipindi cha kwanza. Nilimchapa. Alipoendelea kusinzia nikamchapa tena, mbele ya wenzake. Siku alipoacha kuja sikushtuka. Nilidhani nimepunguziwa mzigo. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba usiku alikuwa anakwenda kuvuta nyavu na mjomba wake, maana mama alikuwa mgonjwa. Katika miaka miwili sikuwahi kumwuliza swali hata moja isipokuwa "Kwa nini umelala?", na hilo nililiuliza nikiwa tayari nimeshika fimbo.

Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na mwenye mamlaka ni mwalimu mkuu au yule aliyempa ruhusa kwa maandishi, tena adhabu iandikwe kitabuni. Ni walimu wangapi wanaozifuata? Kwa macho yangu, wanaochapwa zaidi ni wavulana. Na mtoto anayeogopa kukosea hainui mkono, hata awe na jibu.

Basi jioni ile nilikaa na yule mama mwalimu, nikamsimulia habari ya lumbesa. Alicheka, kisha akanyamaza. Akasema, "Mwalimu mwenzangu, ninao tisini na zaidi. Muhtasari haujaisha. Nikianza kumsikiliza kila mmoja nitamaliza lini?" Hoja yake ni nzito, na wataalamu wengi wanaokuja na semina za siku mbili huiruka. Mimi sikutaka kuiruka, kwa hiyo tulizungumza juu ya mambo yasiyohitaji fedha wala kupunguza idadi ya watoto.

La kwanza ni kungoja. Mary Budd Rowe wa Marekani alirekodi vipindi vingi vya darasani, na katika maandishi yake ya mwaka 1974 alionyesha kwamba mwalimu akishauliza swali hungoja kama sekunde moja tu kabla hajamgeukia mwingine au kujibu mwenyewe. Walimu walipojizoeza kungoja sekunde tatu, majibu yalirefuka, walionyamaza kabisa wakapungua, na wale waliohesabiwa kuwa wazito wakaanza kusema. Sekunde tatu! Lakini jaribu kusimama mbele ya watoto tisini na kunyamaza kwa sekunde tatu, utaona zilivyo ndefu. Nilimwambia ahesabu vidole nyuma ya mgongo.

La pili, nani anaulizwa. Mwalimu akiwategemea wanaoinua mikono, anafundisha watoto wanne na wengine themanini na kitu ni wasikilizaji, kama wewe ndugu yangu unavyonisikiliza mimi. Dawa yake ni kopo. Kata maboksi vipande vidogo, kila kipande jina la mtoto, tia katika kopo, uliza swali kwanza, ngoja, ndipo uchomoe jina. Hakuna anayejua zamu ni ya nani, kwa hiyo kila mtu anafikiri. Ila usilifanye kopo kuwa mtego wa kumwaibisha mtoto. Kabla ya kuchomoa, wape dakika moja kila mmoja amwambie jirani yake jibu analolidhani. Katika dakika hiyo watoto arobaini na tano wanasema kwa pamoja. Kelele zitakuwepo. Mwalimu mkuu akipita dirishani, aambiwe ni kelele za hesabu.

La tatu ni lumbesa yenyewe. Kuna watu watakaokuambia kwamba wavulana wana ubongo wa namna yake, kwamba wao lazima wakimbie na kushindana ndipo waelewe. Mimi siamini. Nilichoona ni kwamba mvulana wa Lupiro anajua debe, kibaba, gunia, urefu wa nyavu, siku za mpunga kuiva, na darasa halimwulizi hata kimoja. Na wasichana pia wanayajua hayo, kwa sababu nao wako shambani. Mwalimu akileta debe mlangoni, hapendelei upande wowote. Na yule aliyerudi baada ya wiki tatu za ndege, badala ya kupigwa, aelezwe na jirani yake yaliyopita, naye aulizwe alikotoka: walivuna magunia mangapi kwa ekari, ndege walikula kiasi gani. Hizo ni hesabu tayari.

Akishafika sekondari kuna ukuta mwingine, lugha. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anaambiwa ajieleze kwa Kiingereza. Tangu mwaka 1984 Criper na Dodd walipopima, tuliambiwa kwamba Kiingereza cha wanafunzi wetu wengi wa sekondari hakitoshi kusomea masomo mengine. Mahali kama hapo hata msemaji wa kijiji huwa bubu. Hilo nitalirudia wiki nyingine, maana likianza halimaliziki.

Niliondoka Lupiro kesho yake mchana, lakini asubuhi nilipita tena darasani. Juu ya meza palikuwa na kopo la maziwa ya unga, majina yakiwa ndani, yameandikwa usiku kwa taa. Nje ya mlango palikuwa na debe. Mwalimu aliuliza: kama lumbesa ina debe tisa na bei ni ya debe sita, mnunuzi amepata sehemu gani ya bure? Watoto wakaanza kunong'onezana, kisha kubishana. Akachomoa kipande cha boksi, akasoma jina. Lilikuwa la jirani yangu.

Kimya. Nyuma ya mgongo wa mwalimu niliona kidole kimoja, cha pili, cha tatu. Kisha cha nne, maana alijisahau.

"Nusu," mvulana akasema.

Alikuwa amekosea. Mikono minne ya mbele ilikuwa tayari hewani, lakini mwalimu hakuitazama. Akamwuliza, "Nusu umeipataje?" Naye akasimama, akatoka dawatini, akaenda mlangoni lilipo debe, akaanza kueleza.