Transfoma Isiyolala

Katika mji wa Muncie, jimbo la Indiana nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Ball State kilianza mwaka 2009 kuchimba visima vipatavyo 3,600, si kwa kutafuta maji wala mafuta, bali kwa kuzika mabomba ambamo maji huzunguka, ili majengo yake 47 yapate joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa hari, na matanuri manne ya makaa ya mawe yapumzishwe. Msomaji wa kwetu asidhani kuwa huu ni ule mvuke wa Olkaria, Kenya, unaozalisha umeme. Pampu ya joto, inayotumika hapa, haizalishi umeme, hula umeme, walakini kwa kila uniti ilayo huleta jengoni joto la uniti tatu au nne, kwa kuwa haiumbi joto, hulihamisha tu kutoka ardhini.

Sifa hiyo imekwisha kusemwa sana. Isiyosemwa ni habari ya transfoma, ambayo katika majengo mengi ya biashara ya Marekani hupokea umeme wa volti 480 na kuushusha hadi 208 kabla haujafika kwenye pampu ndogo ndogo za vyumba, na kila uniti inayopotea hapo ni joto la uniti tatu au nne ambalo halikuletwa.

Hasara zake ni mbili. Ya shaba, ile ya nyaya zake, hufuata mraba wa mzigo, hata mzigo ukipungua nusu, hasara hubaki robo. Ya chuma ndiyo yenye inda: maadamu transfoma imeunganishwa, sumaku ya moyo wake wa chuma hugeuka na kurudi mara 60 kwa sekunde, pampu zikiwa zinafanya kazi au zimelala, usiku na mchana, masaa 8,760 kwa mwaka. Tuseme hasara hiyo ni wati 200 tu, kiasi cha taa chache. Mwaka ukitimia zimekwenda uniti 1,752, na sehemu ya hizo imekwenda katika miezi ya wastani, ambapo hapana aliyehitaji joto wala baridi.

Wako wasemao kwamba joto la transfoma iliyo ndani ya jengo halipotei. Wakati wa baridi wana haki nusu, maana uniti moja huzaa joto la uniti moja, ilhali pampu ingalileta tatu au nne. Na wakati wa hari joto lilo hilo huwa mzigo mpya ambao pampu lazima iutoe nje.

Na transfoma ikizidi ukubwa, hasara yake ya chuma nayo huzidi. Kwa hiyo taksiri kubwa, kwa maoni yangu, ni ile tabia ya mafundi kuchagua transfoma kubwa kupita haja kwa kuogopa mkupuo wa umeme wakati kompresa ya pampu inapoanza, hofu ambayo vidhibiti vya kuanzisha kompresa polepole vimekwisha kuipunguza. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika 2016 huitaka transfoma kavu ya kVA 75, ya fezi tatu, ifikie ufanisi wa asilimia 98.60, na kipimo chenyewe huchukuliwa penye asilimia 35 ya mzigo, kwani waliotunga walijua kuwa vyombo hivi aghalabu havibebi mzigo kamili.

Anunuaye, basi, asitosheke na asilimia hiyo. Na adai kuandikiwa hasara ya chuma na hasara ya shaba, kila moja kwa wati zake, na muuzaji asiyeweza kuzitaja aachwe na mali yake.