Je, Wajua? Oracle, Ubuntu na Laptopu ya Donholm

Je, wajua kwamba kisakinishi cha Oracle 19c, hifadhidata iliyotoka mwaka 2019, kiligoma kwenye Oracle Linux 8, mfumo endeshi unaotolewa na kampuni hiyo hiyo? Ukikianzisha jinsi kilivyokuja, kinasimama mapema kwenye hatua ya kukagua mfumo endeshi na kutoa kosa INS-08101. Kompyuta haina kasoro yoyote. Kisakinishi kinayajua majina ya mifumo iliyokuwapo kilipokuwa kinaandikwa, na hilo la Oracle Linux 8 halimo. Dawa yake mafundi wanaijua kwa moyo: kabla ya kuanza, unaandika CV_ASSUME_DISTID=OEL7.8, yaani unakiambia kisakinishi kichukulie kwamba hapa ni Oracle Linux ya zamani, toleo la 7.8. Kikishaamini hivyo, kinaendelea na kazi.

Ikiwa hayo yanaupata mfumo wa kampuni yenyewe, mwenye Ubuntu, Linux ya ukoo mwingine, ajiandae. Na Donholm, mtaa wa Nairobi, wenye Ubuntu ni wengi. Kuanzia Phase 5 hadi Phase 8, na ukivuka kuingia Savannah, mwanafunzi wa kompyuta mara nyingi huanza na laptopu ya ex-UK aliyoinunua mjini, memori ya GB 4, na mfumo endeshi asioulipia leseni. Mwanafunzi huyo akisoma matangazo ya kazi anakutana na Oracle. IFMIS, mfumo wa fedha wa Serikali ya Kenya, umejengwa juu ya Oracle. Basi anataka kuijua, na njia ya kuijua hifadhidata ni kuiweka kwenye mashine yako na kuivuruga hadi uielewe.

Kwa upande wa Linux, Oracle huithibitisha hifadhidata yake kwenye familia tatu: Oracle Linux, Red Hat na SUSE. Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, haimo. Ubuntu, iliyozaliwa kutokana na Debian mwaka 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, haimo pia. Hii ndiyo Ubuntu ambayo kwa miaka kadhaa, hadi 2011, ilitumwa bure kwa posta ikiwa kwenye CD kwa yeyote aliyeiomba.

Je, wajua kinachotokea ukilazimisha? Toleo la bure la Oracle 11g, lililoitwa Express Edition, lilitolewa kwa Linux mwaka 2011 likiwa kifurushi cha aina ya rpm pekee, ambayo ni aina ya Red Hat. Ubuntu hutumia deb. Kwa hiyo kwanza unakibadilisha kifurushi kwa programu iitwayo alien. Kikishabadilika kinaingia vizuri, halafu skripti ya kukiandaa inaanza kutafuta vitu mahali ambapo Red Hat huviweka. Inaiita /sbin/chkconfig, chombo cha kupanga programu zinazowaka kompyuta inapowashwa. Ubuntu ina chombo kingine kwa kazi hiyo, kwa hiyo watu waliandika chkconfig ya bandia, mistari michache tu, ili skripti iridhike. Inatafuta programu ya awk ndani ya /bin, ilhali kwenye Ubuntu wakati huo ilikuwa ndani ya /usr/bin. Inataka folda ya /var/lock/subsys ambayo Ubuntu haijawahi kuwa nayo, nayo unaiunda kwa mkono. Hayo yote yakishatimia, hifadhidata inajaribu kuwaka na inatoa ORA-00845. Kosa hilo linahusu memori ya pamoja: Oracle inaitaka kwenye /dev/shm, na Ubuntu za wakati ule zilikuwa zimeihamishia /run/shm na kuacha kiungo tu mahali pa zamani. Basi unaondoa kiungo, unaunda folda, unaipachika upya, na unahakikisha inarudi hivyo kila ukiwasha mashine. Stima ikipotea katikati ya hatua hizi, mara nyingi ni afadhali kufuta na kuanza upya kuliko kukisia ulifika wapi.

Tazama orodha hiyo vizuri. Hakuna hata hatua moja inayohusu uwezo wa laptopu wala uwezo wa Linux. Ni majina ya folda na mahali pa faili. Mwanafunzi anamaliza juma akipambana na anwani za vitu, na bado hajaiandikia hifadhidata hata amri moja ya SELECT.

Je, wajua kwamba Oracle hii hii ilijijengea jina kwa kukubali mashine za kila aina? Larry Ellison, Bob Miner na Ed Oates walianzisha kampuni yao mwaka 1977, wakilifuata wazo ambalo Edgar Codd wa IBM alilichapisha mwaka 1970. Bidhaa yao ya kwanza sokoni, mwaka 1979, iliitwa toleo la 2. Toleo la 1 halikuwahi kuuzwa. Iliandikwa kwa lugha ya asembli kwa ajili ya kompyuta ya PDP-11. Mwaka 1983 toleo la 3 liliandikwa upya kwa lugha ya C, ili msimbo ule ule uweze kuhamishiwa kwenye kompyuta za watengenezaji mbalimbali. Mteja hakulazimika kubadilisha kompyuta zake ndipo apate hifadhidata, na hilo lilichangia sana mauzo yao.

Kupungua kwa orodha ya mifumo inayokubaliwa kuna sababu, na ni haki kuitaja. Kila mfumo endeshi unaothibitishwa lazima ujaribiwe kwa kila toleo na kila kiraka, na mfumo wa benki ukianguka usiku wa manane, pawe na mhandisi anayeijua mashine hiyo ndani nje. Benki inalipia mkataba wa huduma, na ina haki ya kupata mfumo uliojaribiwa. Hoja hiyo ninaikubali. Lakini toleo la bure halina mkataba wa huduma. Anayelipakua anajitegemea tangu siku ya kwanza, kwa hiyo sababu inayoilinda benki haimhusu mwanafunzi hata kidogo. Toleo la bure lililotoka mwaka 2023 linatumia memori isiyozidi GB 2 na kuhifadhi data isiyozidi GB 12. Linamfaa anayejifunza. Nalo pia lilikuja kwa rpm.

Na je, wajua kwamba kifurushi cha deb kiliwahi kuwapo? Mwaka 2006, Express Edition ya 10g ilitolewa rasmi kwa Debian na Ubuntu. Ilikuwa ya biti 32 pekee, data mwisho GB 4, lakini iliingia kwa amri za kawaida bila hila yoyote. Toleo lililofuata, lile la 2011, likaja bila deb.

Je, wajua kwamba mwaka 2038 umeshaanza kuwasumbua watu? Kompyuta nyingi za zamani huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, zikitumia namba ya biti 32. Namba hiyo itafika mwisho Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Nairobi. Debian na Ubuntu ziliamua kujitayarisha mapema, na maktaba nyingi za programu zikapewa majina mapya. Kwenye Ubuntu 24.04, iliyotoka Aprili 2024, maktaba ya libaio1 ikawa libaio1t64, na faili la libaio.so.1 likawa libaio.so.1t64. Oracle inaliulizia jina la zamani, hailipati, inakataa kuwaka. Wakazi wa Donholm watalielewa hili haraka. Mtaa huu ulirithi jina la Doonholm, shamba la Mskoti James Kerr Watson, na Jogoo Road enzi za ukoloni iliitwa Doonholm Road. Leo anayeuliza Doonholm Road anaweza kuwa amesimama juu yake asiambiwe amefika. Dawa ya libaio ni kuunda kiungo kimoja chenye jina la zamani kinachoelekeza kwenye faili jipya.

Njia iliyo salama zaidi leo ni kontena. Unaweka Docker kwenye Ubuntu, unapakua kontena la hifadhidata kutoka Oracle wenyewe, na inawaka. Ndani ya kontena mna folda na maktaba za Oracle Linux, kila kitu mahali ambapo Oracle inapategemea, lakini kerneli inayoendesha kazi yote ni ile ile ya Ubuntu. Ukitaka ushahidi kwamba kerneli ya Ubuntu haikuwa tatizo, ni huo. Gharama yake ni upakuaji mkubwa, na kwenye laptopu ya GB 4 ni heri ufunge kivinjari kwanza.

Microsoft nao wana historia ya kushangaza. Hifadhidata yao, SQL Server, ilianza mwaka 1989, si kwenye Windows bali kwenye OS/2, ikitokana na kazi ya Sybase. Kwa miongo miwili na zaidi ikawa ya Windows tu, kisha Machi 2016 ikatangazwa kwa Linux na kutolewa Oktoba 2017, Ubuntu ikiwa kwenye orodha rasmi tangu mwanzo. Mwanzoni ilidai memori ya zaidi ya GB 3 ndipo iwake. Baadaye kiwango kikashushwa hadi GB 2.

Sasa hebu tazama upande wa afya hapa Kenya. Mwaka 2011 nchi iliingiza takwimu za vituo vyake vya afya kwenye mfumo wa DHIS2, unaotumia hifadhidata ya PostgreSQL. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006 chini ya mpango wa afya wa AMPATH, na ndiyo iliyozaa KenyaEMR, inayofanya kazi kwenye seva za Ubuntu pamoja na hifadhidata ya MySQL. Na MySQL ni ya nani? Tangu Januari 2010, Oracle ilipoinunua Sun Microsystems, ni ya Oracle. Kampuni inaitolea vifurushi rasmi vya deb kwa Debian na Ubuntu, na kuisakinisha ni amri moja.

Kwa hiyo ujuzi wa kuihudumia Ubuntu wanao, tena kwa bidhaa inayotunza rekodi za wagonjwa. Ninachowadai ni kidogo: toleo la bure la hifadhidata yao kubwa lipewe deb, kama mwaka 2006.