Neno la Wote Lisiwe Mali ya Mmoja

Jina ni mali, na thamani ya mali hii haionekani ila siku inapogombewa. Watu wa Pwani wanalijua hilo tangu jadi. Mgiriama humwita mjukuu kwa jina la babu ili ukoo usipotee, na nahodha huchagua jina la chombo chake kwa uangalifu ule ule anaochagulia mbao. Lakini katika zama hizi ambapo bidhaa nyingine hazishikiki mkononi, bali huonekana kwenye kioo cha simu tu, ugomvi wa majina umepata sura mpya. Sisi wenye Kiswahili yatupasa kuutazama kwa makini, maana lugha yetu imo ndani yake, tutake tusitake.

Tuanzie mbali kidogo, huko Sweden. Mwaka 2011 kampuni ya Mojang, ambayo wakati huo ilikuwa changa na imepata sifa kwa mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft, ilikuwa ikitengeneza mchezo mwingine kwa jina la Scrolls. Neno hilo la Kiingereza maana yake ni hati za kale zinazokunjwa kama mkeka. Kampuni kubwa ya Marekani, ZeniMax, inayomiliki Bethesda, ikadai kuwa jina hilo linakaribiana mno na la michezo yake ya The Elder Scrolls, ikaenda mahakamani. Markus Persson, mwanzilishi wa Mojang, alijibu kwa mzaha kwamba mawakili wawekwe kando, timu mbili zishindane katika mchezo wa kompyuta, na atakayeshinda awe na jina. Wachezaji wa nchi nyingi walicheka, lakini kicheko chao kilikuwa na ghadhabu. Waliuliza swali moja tu: tangu lini neno lililomo katika kila kamusi likawa la mtu mmoja?

Oktoba mwaka huo mahakama ya Sweden ilikataa kulizuia jina hilo kwa muda. Machi 2012 pande mbili zikapatana: Mojang iutumie mchezo wake jina la Scrolls, lakini isilisajili kuwa alama yake ya biashara. Na kilichofuata ni kichekesho. Mwaka 2014 Mojang ilinunuliwa na kampuni ya Microsoft. Mwaka 2018 mchezo wenyewe ulibadilishwa jina ukaitwa Caller's Bane. Mwaka 2021 ZeniMax nayo ikanunuliwa na Microsoft hiyo hiyo. Waliogombana jana leo wamelala chini ya paa moja, na jina walilogombea limeachwa uwanjani kama kifuu cha nazi.

Kisa cha pili ni cha mwaka 2014. Kampuni ya King, iliyotajirika kwa mchezo wa simu uitwao Candy Crush Saga, ilitaka neno lenye maana ya peremende lisajiliwe kwa jina lake. Wakati huo huo ilipinga usajili wa The Banner Saga, mchezo uliotungwa na kampuni ndogo ya Stoic, iliyoanzishwa na watu watatu huko Texas. Hapo watunzi wadogo wa michezo walifanya jambo la busara kuliko matusi. Walikaa wakatunga michezo kwa mamia, kila mmoja ukiwa na neno peremende au saga katika jina lake, makusudi kabisa, kuonyesha kwamba maneno hayo ni ya kila mtu. Februari mwaka huo King iliondoa ombi lake la neno peremende huko Marekani, ingawa yenyewe ilitoa sababu nyingine. Kufikia Aprili ilikuwa imepatana na Stoic, na The Banner Saga likabaki na jina lake.

Huenda msomaji wa Marereni akauliza: ya Sweden na Texas yatuhusu nini sisi tulio kati ya Gongoni na Garsen, wenye mashamba ya chumvi na bahari? Yatuhusu sana, na ushahidi wake umo katika sanduku dogo la mbao liuzwalo madukani karibu ulimwengu mzima.

Mwaka 1983, katika maonyesho ya vitu vya kuchezea jijini London, Mwingereza aitwaye Leslie Scott alizindua mchezo wa vijiti 54 vinavyopangwa vitatu vitatu hadi vikawa mnara wa safu 18. Wachezaji huchomoa kijiti kimoja kimoja na kukipandisha juu, na atakayeuangusha mnara ameshindwa. Mama huyu alizaliwa Tanganyika, akakulia katika nchi za Afrika, na Kiswahili alikifahamu tangu utotoni. Akauita mchezo wake Jenga. Inafaa kumtendea haki: yeye hakutuibia neno. Alilipenda, na wafanyabiashara walipotaka alibadilishe kwa kuwa halikuwa na maana kwa Wazungu, alikataa katakata. Leo mamilioni ya watu wasiojua sentensi moja ya Kiswahili hulitamka neno letu kila wanapocheza.

Hata hivyo, hapo ndipo penye fundisho. Sheria za alama za biashara katika nchi nyingi hazimpi mtu mmoja neno la kawaida linaloieleza bidhaa yenyewe. Huwezi kulima viazi ukasajili neno “viazi” ili jirani yako asilitumie. Mtu angekwenda na mchezo wa kujenga mnara kwa watu wasemao Kiswahili, akataka neno “jenga” liwe lake peke yake, angeulizwa maswali mazito. Kule ambako neno hilo lilikuwa sauti tu isiyo na maana, lilipita kwa urahisi kana kwamba limezuliwa siku hiyo. Maneno yetu huonekana hayana mwenyewe kwa sababu wanaoyaandikisha hawayaelewi, na sisi tunaoyaelewa hatupo mezani yanapoandikishwa.

Mfano mwingine unafahamika zaidi. Kampuni ya Disney ilitoa filamu ya The Lion King mwaka 1994, na mwaka huo huo ikaomba kusajili “hakuna matata” huko Marekani kwa ajili ya mavazi. Usajili ulikamilika mwaka 2003. Lakini maneno hayo yalikuwa vinywani mwa Waswahili kabla ya filamu hiyo, na mwaka 1982 kundi la Them Mushrooms la Mombasa lilikuwa limekwisha kuyaimba katika Jambo Bwana. Mwaka 2018, Mwafrika mmoja kutoka Zimbabwe alipoanzisha ombi la kutaka usajili huo ufutwe, zaidi ya watu 100,000 walitia saini. Zilikuwa sauti nyingi, lakini zilikuja miaka 15 baada ya muhuri kugongwa. Mgeni alikuwa amekwisha kula, sisi ndio kwanza twauliza nani aliyebisha hodi.

Linganisha na kisa cha kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno “kikoy” nchini humo. Vazi hilo ni la wavuvi na mabaharia wetu, na wapo Wakenya wengi wanaolishona na kuliuza ng'ambo. Safari hii watu hawakuishia kulalamika. Mawakili wa Kenya, wakishirikiana na shirika la Traidcraft la Uingereza, waliwasilisha pingamizi kwa maandishi, ndani ya muda uliowekwa na sheria. Kufikia mwaka 2008 ombi lile lilikuwa limeanguka. Tofauti ya visa hivi viwili haiko katika wingi wa hasira, maana hasira ilikuwapo kotekote. Iko katika saa ya kuchukua hatua, na katika karatasi.

Simaanishi kwamba alama za biashara ni dhuluma. Zina kazi yake nzuri. Zinamlinda mnunuzi asiuziwe bidhaa ya bandia, na zinamlinda fundi mdogo asiporwe jina alilolitolea jasho. Wala sitetei kila makelele ya wachezaji, kwani umati una tabia ya kuhukumu kabla ya kusikia, na katika magomvi ya aina hii matusi hayakosekani. Ninachosema ni kwamba kuna mpaka. Jina alilolibuni mtu kwa akili yake na lilindwe. Neno alilolikuta katika lugha ya watu na alitumie, alipambe, alitajirikie akiweza, lakini asilijengee ua na kuwafukuza wenyewe.

Sasa turudi nyumbani. Katika vituo vyetu vya biashara, kutoka Mambrui hadi Marereni, vijana wengi wanacheza michezo ya simu, na baadhi yao wana uwezo wa kuitunga wakipata mafunzo. Wakenya wenzao wamekwisha kuonyesha kwamba inawezekana: mwaka 2015 Nairobi X, mchezo uliotungwa nchini, uliingia sokoni. Na hazina ya kutungia tunayo. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, lina msamiati wake kamili: nyumba, namua, mtaji, takasa. Maneno haya ni kanuni za mchezo zilizorithishwa kwa vizazi. Siku kijana wa Marereni atakapotunga bao la simu na kuliita Namua au Mtaji, je, atakuta uwanja mtupu, au atapokea barua ya wakili wa ng'ambo ikimwonya kwamba jina hilo lina mwenyewe?

Swali hili si la kuchekwa hapa petu. Chumvi ya pwani hii huingia katika vyungu vya nchi nzima. Ni wangapi miongoni mwa waila huko Kisumu au Kakamega wanaojua kuwa kuna mahali panapoitwa Marereni? Twajua vyema jinsi mali inavyoweza kutoka kwa watu huku jina lao likiachwa nyuma. Haifai kosa hilo lirudiwe kwa lugha.

Sheria hatuna upungufu nazo. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa kwa matumizi ya utamaduni wao, na ibara ya 40 inaitaka serikali ilinde haki miliki za Wakenya. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Ipo pia Taasisi ya Haki Miliki ya Viwanda, KIPI, ambako alama ya biashara husajiliwa kwa miaka 10 na huweza kuhuishwa. Kinachopungua ni watu wa kuzitia sheria hizo miguu.

Yafaa yafanyike mambo mawili. Kwanza, serikali ya Kaunti ya Kilifi iwalete maofisa wa KIPI hadi Magarini, wawafundishe vijana na mafundi jinsi ya kusajili majina ya kazi zao kabla hazijatoka nje. Pili, wataalamu wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopo papa hapa Kilifi, washirikiane na KIPI kufuatilia maombi ya usajili wa maneno ya Kiswahili katika nchi za nje, na kuweka pingamizi mapema pale neno la wote linapotaka kugeuzwa la mmoja. Gharama yake ni ndogo kuliko ya tamasha moja la kuadhimisha lugha.

Tangu UNESCO iitangaze Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hapo mwaka 2021, tumekuwa tukiiadhimisha kwa ngoma na hotuba, na ni vyema. Lakini lugha haitunzwi kwa shangwe pekee. Wachezaji wa Ulaya na Marekani walisimama kutetea neno peremende. Sisi hatujapungukiwa na maneno ya kutetea. Mwenye shamba asiyeweka mpaka asishangae akiamka na kukuta jirani amepanda mnazi.