Mwenye Karata Nzuri Ajibu Vipi Dau Likipandishwa?

Katika mchezo wa poka, karata mbaya hazimsumbui mchezaji mwenye busara: huzitupa, na hasara yake huishia hapo. Mtihani mkubwa humjia pale ashikapo karata nzuri, naye mpinzani wake akapandisha dau. Je, ajibu kwa kishindo, au alipe kimya kimya na kungoja? Tumeonelea kulitazama swali hilo leo, kwa kuwa ndugu zetu askari na polisi, ambao kazi yao ni kutumia nguvu kwa kipimo, wanalifahamu hata kama hawajapata kugusa karata.

Katika aina ya poka ichezwayo zaidi mashindanoni, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano za wote hufunuliwa mezani kwa hatua: kwanza tatu, halafu moja, na mwisho moja. Katika kila hatua mchezaji aweza kupita, kuweka dau, kulipa dau la mwenzake, kulipandisha, ama kutupa karata zake.

Mfano ulio mashuhuri ulitokea mwaka 1988 mjini Las Vegas, Marekani, katika ubingwa wa dunia wa mchezo huo. Wachezaji 167 walikuwa wameingia, kila mmoja kwa dola 10,000. Wakasalia wawili: Johnny Chan, mzaliwa wa Uchina na bingwa wa mwaka 1987, na Erik Seidel, kijana wa New York. Mshindi alingojewa na dola 700,000. Wa pili, dola 280,000.

Chan alishika ghulamu na 9; Seidel, malkia na 7. Zikafunuliwa mezani malkia, 10 na 8. Papo hapo Chan akawa na mfuatano kamili, kuanzia 8 hadi malkia, wala hapakuwa na karata za kumshinda wakati ule. Seidel, aliyeona jozi yake ya malkia, alilipandisha dau la Chan. Chan hakujibu kwa kupandisha tena. Alilipa tu, akanyamaza. Ikaja 2, wote wawili wakapita. Ikaja 6, Seidel akasukuma mezani vyote alivyobakiwa navyo. Chan akalipa, na ubingwa ukawa wake kwa mara ya pili mfululizo.

Kimya kile hakikuwa woga, wala hakikuwa bahati nasibu. Mpinzani alikuwa mmoja tu, na karata za kumwokoa zilikuwa chache mno. Tena, kama Chan angalijibu kwa ngurumo, huenda Seidel angalishtuka na kuitupa jozi yake. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kimya ni dawa ya kila mahali. Mtu aliyepewa ree mbili, karata bora kuliko zote za kuanzia, akipambana hadi mwisho na mpinzani mmoja mwenye karata zozote, hushinda kama mara 85 katika 100. Akiwaachia wapinzani watano waendelee kwa bei rahisi, ushindi wake hushuka hadi karibu mara 49. Huyo dau likipandishwa mbele yake, apandishe tena kwa nguvu ili awapunguze wanaomzunguka. Vivyo hivyo, ikiwa karata za mezani zinamfungulia mpinzani njia nyingi za kujiokoa, kumwacha apite bure ni kumkabidhi silaha. Na katika mashindano ambayo hayaruhusu kununua nafasi upya, aliyeishiwa huondoka mezani.

Hatuandiki haya ili kumwita askari kwenye kamari. Mshahara wake una wenyewe nyumbani. Tunachokipenda ni ile nidhamu. Anayechokozwa huku ana nguvu hushawishika kuzionyesha mara moja, ili mradi aonekane. Heri ajiulize kwanza: nikinyamaza sasa, ni nani atakayefaidika na muda huo, mimi au yeye? Ikiwa ni mimi, ningoje. Ikiwa ni yeye, nijibu sasa, na nijibu kwa uzito wote.