Je, Wajua? Mawe ya Mikinduri na Ndugu Zake

Je, wajua kwamba…

…udongo mwekundu wa Mikinduri, kaunti ya Meru, unaolea miraa, chai na kahawa, zamani ulikuwa mwamba? Ni lava ya milima ya Nyambene iliyooza kwa mvua na joto. Wekundu huo ni kutu ya chuma kilichokuwa ndani ya jiwe.

…safu nzima ya Nyambene ni kazi ya volkeno? Vilima vingi vya mviringo unavyoviona juu yake vilirundikana pale lava na majivu yalipotoka ardhini.

…kipande cha basalti kina habari nyingi? Kivunje, ukigeuze juani. Vitundu ni mapovu ya gesi yaliyonaswa lava ilipoganda. Chembe za kijani, zinazometa kama kigae cha chupa, ni olivini, madini yaliyopanda kutoka kina kirefu ardhini.

…lava ngumu hupondwa kuwa kokoto ya zege, ilhali tufu, yaani majivu ya volkeno yaliyoshikana, hukatika kwa msumeno? Hilo ndilo jiwe la Ndarugu, inchi sita kwa tisa au tisa kwa tisa, linalojenga Nairobi na viunga vyake.

…ukishuka kutoka Mikinduri kuelekea Tharaka, unarudi nyuma mamilioni ya miaka? Mlima Kenya, jirani wa Nyambene, ulikuwa ukilipuka yapata miaka milioni 3 iliyopita. Naisi ya Tharaka, yenye mistari myeusi na myeupe, imepita miaka milioni 500.

…kilele cha Batian, mita 5,199, kiliganda ndani ya koo la volkeno? Miamba iliyokizunguka imemomonyoka, lile koo gumu likabaki.

…kuna jiwe linaloitwa kenaiti, kwa heshima ya Mlima Kenya? Mwanajiolojia J. W. Gregory ndiye aliyelipa jina hilo. Jiwe hilo lina ndugu Mlima Erebus, Antarctica.

…Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni ya mawe ya matumbawe? Okota kipande cha matumbawe mafu ufuoni, ukidondoshee ndimu: kitatoa povu. Basalti ya Mikinduri haitatoa.

…kuta za Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, zimepangwa mawe matupu, bila saruji wala udongo? UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018.

…mwaka huohuo Ngorongoro Lengai, Tanzania, ilikuwa jiopaki ya kwanza ya UNESCO kusini mwa Sahara? Katika jiopaki, wenyeji hushirikishwa kuitunza miamba na kuieleza kwa wageni.

…tarehe 6 Oktoba ni Siku ya Kimataifa ya Anuwai ya Jiolojia? UNESCO iliitangaza mwaka 2021, na ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2022.

Siku hiyo inaweza kuadhimishwa Mikinduri bila gharama kubwa. Fundi wa mawe aoneshe jinsi anavyotafuta mshipa kabla ya kupiga patasi. Mwalimu wa jiografia alete ramani. Watu watembee pamoja toka sokoni hadi timboni, kwa idhini ya mwenyewe, wakae mbali na kingo. Na wazungumzie pia yale matimbo yaliyoachwa wazi, yanayojaa maji ya mvua na kuhatarisha watoto: jamii inayojua jiwe lake limetoka wapi ina haki ya kudai shimo lifukiwe.